Amina ya Mlangoni

Katika nyumba yetu ya Small Heath, jijini Birmingham, Uingereza, barua zote zilipitia mikononi mwangu. Mama alitoka alfajiri kwenda kusafisha ofisi za watu mjini, na Bibi, mama yake mzazi, hakujua Kiingereza zaidi ya maneno ya dukani. Kwa hiyo tangu nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, mimi ndiye niliyeziokota barua nyuma ya mlango, nikazifungua, nikazisoma, na kuamua ipi itangazwe mara moja na ipi isubiri Mama apumzike. Zilikuwa barua za hospitali, za manispaa, za kampuni ya gesi. Sikuwahi kufikiri kwamba kazi hiyo ingenipa uwezo wa kuficha jambo. Nilipotimiza miaka kumi na saba nilikuwa nimekwisha kuficha moja.

Tulikuwa watu watatu. Baba alibaki Unguja na mke mwingine, na habari zake zilikuwa zikitufikia kwa wasafiri. Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu kiasi cha kutoweza kuona alama ndogo zilizopangwa ubavuni mwa sindano. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilivuta dawa kwenye sindano hiyo, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha la jikoni kuhakikisha kipimo, nikamchoma. Manispaa ilikuwa tayari kutuletea nesi wa mtaa. Bibi alikataa. Alisema hawezi kumfunulia mgeni tumbo lake kila siku ya Mungu, na kwamba nesi wa kumchoma anaye tayari, ndiye mume wake, yaani mimi.

Kwetu bibi humtania mjukuu wake wa kiume kwa kumwita mume wake, na mjukuu huitikia utani huo bila aibu yoyote. "Mume wangu, njoo unichome, nife nipumzike," alikuwa akiniita kutoka chumbani. Nami nikijibu kwamba sitaki ujane katika umri huu, alicheka mpaka kitanda kikalia. Ulikuwa utani wa kweli, wenye mapenzi. Lakini nikiutazama sasa, nikiwa nimepita miaka arobaini, naona kwamba nilipewa cheo nikiwa mtoto, na kwamba mwenye cheo hicho hatarajiwi kuhama nyumba.

Shule yangu ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka Barabara ya Coventry. Kila vuli palikuwa na jioni moja ambapo waliomaliza mwaka uliotangulia walirudi kuchukua vyeti vyao. Sisi wa miaka miwili ya mwisho tulipanga viti, tukamimina maji ya machungwa kwenye bilauri za karatasi, kisha tukasimama ukutani kuwatazama. Mkuu wa shule alimwita kila mmoja jukwaani, na kabla ya kupewa cheti ilimpasa aseme yuko wapi na anasoma nini. Waliotaja chuo cha mji huu huu walipigiwa makofi ya heshima. Waliotaja miji ya mbali walipigiwa makofi na vigelegele.

Mwaka ule alirudi kijana mmoja wa mtaa wa Stechford aliyekuwa akisomea miamba katika mji wa kaskazini kabisa mwa Uskoti. Alivaa koti zito ambalo halikuhitajika Birmingham. Nilimpelekea maji, nikamwuliza miamba inasomwaje. Akaniambia kwamba wiki mbili nzima walikuwa wamelala kwenye mahema ufukweni, wakigonga majabali kwa nyundo na kuchora walichokiona, na kwamba siku nyingine hakumsikia mtu yeyote akiita jina lake tangu asubuhi hadi jioni. Alilisema hilo la mwisho kama lalamiko. Mimi nililisikia kama ahadi, na niliona haya kwa jinsi nilivyolitamani. Nyumbani anayerudi husherehekewa kwa sababu amerudi. Pale shuleni walisherehekewa kwa sababu walikuwa wameondoka, na kesho yake wangeondoka tena.

Mwalimu wa jiografia alinisaidia kujaza fomu ya vyuo. Niliandika miji miwili: huo wa kaskazini, kwa ajili ya miamba, na Birmingham, kwa ajili ya uhandisi wa ujenzi. Nyumbani nilisema nimeandika Birmingham. Sikuwa nimesema uongo.

Jumamosi na Jumapili nilifanya kazi mtaa wa Tyseley, katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Mashuka yaliingia upande mmoja kwa magari yenye vizimba, yakafuliwa, yakaja kwetu yakiwa mabichi na mazito. Kazi yangu ilikuwa kwenye mashine ya pasi, yenye magogo ya chuma ya moto yaliyozunguka bila kusimama. Watu wawili hushika pembe za shuka, mmoja kushoto na mmoja kulia, hulinyoosha kwa mvuto mmoja, kisha hulilisha mashine kwa pamoja. Mkipishana hata kidogo, shuka huingia upande, na anayepokea mwisho wa mashine hulirudisha kwa kelele.

Mwenzangu wa pembe ya pili alikuwa mwanamke wa Kikongo aliyekuwa na umri wa Mama. Kiswahili chake na changu vilikuwa ndugu wa mbali, lakini baada ya wiki moja tulikuwa tukielewana kuliko nilivyoelewana na wanafunzi wenzangu. Alipenda kuniuliza maswali huku mikono ikienda, kwa sababu alijua siwezi kukimbia nikiwa nimeshika shuka. Ndiye mtu wa kwanza, na kwa muda mrefu wa pekee, niliyemwambia kuhusu miamba.

Barua ya kaskazini ilikuja katikati ya baridi. Walinipa nafasi, kwa masharti ya matokeo ambayo mwalimu alikuwa na hakika nayo. Barua ya Birmingham ilifika siku chache baadaye. Nilitakiwa kuchagua moja na kurudisha fomu mwanzoni mwa Mei. Hiyo ya Birmingham niliisoma kwa sauti jikoni, Mama akashika kichwa changu kwa mikono miwili na kukibusu. Hiyo nyingine niliikunja mara nne, nikaitia kwenye mfuko wa aproni yangu ya kazi, na kila Jumamosi wakati wa chai niliitoa na kuisoma kama mtu anayehakikisha kwamba bado iko.

"Kwani nani anakataza?" aliniuliza yule mama wa Kikongo. Nikamweleza habari za sindano, nesi, na ile ya kuitwa mume. Alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. "Mutoto, miye nilikimbia vita na batoto batatu, sikuaga mutu. Weye unashindwa kuambia mama muzee moja neno moja?"

Nilimjibu kwamba ningemwambia. Nilikuwa nimekwisha kuchagua siku.

Mwaka ule Bibi alikuwa anakwenda kuhiji. Alikuwa ameingojea safari hiyo kwa miaka mingi, na sasa alikuwa anasafiri na kundi la msikitini. Mwanamke mmoja wa Kizanzibari anayekaa Stechford, aliyekuwa katika kundi hilo, alikubali kumchoma sindano huko kila asubuhi. Nilimfundisha mwenyewe sebuleni kwetu. Alijifunza kwa dakika tano, na Bibi alimfunulia tumbo bila neno. Nililiona jambo hilo, nikaelewa maana yake, na sikulitumia.

Kabla ya kuondoka, mwenye kuhiji huwaomba radhi watu wake, wakubwa kwa wadogo, maana hajui kama atarudi. Bibi aliniita akakaa kitandani, akanishika mikono. Aliniomba nimsamehe kwa kila alichonikosea, anachokijua na asichokijua. Nilisema nimesamehe. Ningeweza kusema pale pale kwamba na mimi nina jambo. Lakini niliona kwamba mtu hawezi kumtwisha mzee mzigo wa aina hiyo mguu mmoja ukiwa garini, na nikajiona mwema kwa kufikiri hivyo.

Siku niliyoichagua ilikuwa ya kurudi kwake. Wazee wetu wanashikilia kwamba aliyetoka kuhiji dua yake haina pazia mpaka atakapovuka kizingiti cha nyumba yake. Kwa hiyo hulakiwa nje. Haachwi aingie. Kila mwenye haja husogea, akaitaja, naye huinua mikono akamwombea, na waliopo huitikia. Nilikuwa nimepanga haja yangu kwa wiki tatu, maneno machache, ya kusemwa sikioni: Bibi, niombee Mungu anifungulie niende kusoma mbali. Niliona ni njia safi. Kwa kuniombea angekuwa ameniruhusu, na kwa kuwa dua ile hairudishwi, hakuna ambaye angeweza kubisha baadaye, hata yeye mwenyewe. Nakiri kwamba nilitaka kumbana kwa ibada yake. Sikuwa na ujasiri wa kumwuliza uso kwa uso kama mtu mzima anayemwuliza mtu mzima.

Walifika adhuhuri, mvua ikinyesha ile ya manyunyu isiyomlazimisha mtu kufungua mwavuli. Barabara yetu ni ya nyumba zilizoungana, milango yake inafunguka karibu moja kwa moja kwenye njia ya miguu, kwa hiyo watu walijaa hadi barabarani na magari yakapita polepole. Mama alikuwa ametundika taa za rangi dirishani. Jirani yetu wa Kipakistani alileta shada la maua akamvisha Bibi shingoni kabla hajatoka vizuri garini. Bibi alikuwa amekonda, amevaa nguo nyeupe, na kikohozi walichorudi nacho mahujaji wote kilimkatisha maneno. Lakini alipoona watu wanamngoja alinyooka. Nilisimama kwenye kizingiti na sanduku lake mkononi, mgongo wangu ukigusa mlango uliofungwa.

Wakaanza. Msomali wa nyumba ya pili, aliyelelewa Nairobi, aliomba makaratasi yake. "Nyanya, niombee hizo karatasi zitoke. Miaka inaenda tu." Bibi aliinua mikono, akaomba kwa Kiarabu kidogo na Kiswahili kingi, wote wakasema Amina. Mwanamke mmoja alinong'ona haja yake akilia, nayo ikaombewa bila kutajwa. Kisha akasogea kijana wa Kizanzibari aliyekuwa ameanguka mtihani wa udereva mara nne.

"Wewe huhitaji dua," Bibi alimwambia. "Wewe unahitaji miwani."

"Basi niombee miwani, Bibi."

Watu walicheka, naye akamwombea yote mawili. Mimi nilicheka pia. Zilikuwa zimebaki hatua mbili baina yetu, na nikazipiga.

Nilikuwa nimekwisha kuinama kuelekea sikio lake pale alipoweka kiganja kifuani mwangu kunizuia. "Wewe usiseme," aliniambia. "Lako nimelileta tangu huko." Kisha akainua mikono juu kuliko alivyoiinua kwa yeyote, na sauti yake, ambayo kikohozi kilikuwa kimeikwaruza, ikatoka wazi mpaka ng'ambo ya barabara.

"Yarabi, huyu ndiye macho yangu. Usimtoe mbele yangu mpaka unitoe mimi. Asome hapa, aoe hapa, anizike kwa mkono wake."

Nyuma yake palikuwa na watu labda arobaini, nao wakaitikia kwa pamoja. Jirani wa Kipakistani, ambaye hakuelewa neno hata moja la Kiswahili, aliitikia. Mama aliitikia. Nami pia niliitikia. Sikuamua kufanya hivyo. Mtu aliyelelewa nilivyolelewa, akisikia dua inafika mwisho, kinywa chake hujiendea. Lakini niliisikia sauti yangu ndani ya sauti zao, na nikajua kwamba nilikuwa nimetia sahihi.

Bibi aliushika mkono wangu, akataja jina la Mungu, akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia. Watu wakaingia nyuma yake kula. Niligawa tende na vikombe vidogo vya maji ya zamzam mpaka alasiri, na kila aliyepokea alinipongeza. Walisema nimepata dua kubwa kuliko wote. Walikuwa wanasema kweli, kwa mujibu wa imani yetu, na ndiyo sababu nilishindwa hata kukunja uso.

Jumamosi iliyofuata nilimsimulia mwenzangu wa Kikongo, kila mmoja akiwa ameshika pembe zake. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

"Na weye ulisema Amina?" aliniuliza.

"Nilisema."

"Basi ni kinywa yako ndiyo ilifunga mulango. Si ya ule mama."

Nilimkasirikia kwa muda wa zamu nzima. Mashuka mawili yaliingia upande na kurudishwa.

Yapo mambo yanayopasa kusemwa bila pambo. Fomu ilikaa chumbani kwangu kwa wiki kadhaa baada ya siku ile. Hakuna aliyenifungia ndani. Hakuna aliyenitishia kuninyima radhi. Mwalimu wa jiografia aliniuliza mara mbili, nami nikamjibu kwamba bado tunajadiliana nyumbani, ilhali hapakuwa na mjadala wowote. Nilijaribu kujiambia kwamba dua si amri, kwamba Mungu anajua lugha za siri pia. Kila nilipofika hapo niliwaona wale watu arobaini kwenye manyunyu, na nikawaza jinsi Bibi atakavyopita Barabara ya Coventry akiulizwa na kila mwenye duka: yuko wapi yule uliyemwombea? Nilidhani ninamhurumia yeye. Sina hakika tena. Inawezekana nilikuwa naogopa mahema, na ufuko, na siku nzima bila kusikia jina langu likiitwa, na kwamba ile Amina ilinipa mahali pa kujificha ambapo hata mimi mwenyewe nisingeweza kujikuta. Mwishoni mwa Aprili nilitia alama kwenye Birmingham, nikaipeleka fomu posta mchana kweupe.

Nilisoma uhandisi kilomita chache kutoka kitandani kwangu. Nilipanda basi lile lile lililonipeleka kazini. Nilihitimu, nikaajiriwa, na kazi yangu mpaka leo ni kukagua mifereji ya maji chini ya barabara za jiji hili. Si maisha mabaya. Nalitamka hilo kila ninapohojiwa, na huwa namaanisha. Lakini kwa miaka mingi nilitembea humo nyumbani kama mtu aliyeketishwa kwenye kiti cha mgeni rasmi katikati ya safu: kila nilipotaka kuinuka niliwaona watu wote watakaolazimika kukunja magoti ili nipite, nikakaa tena. Hata hasira sikuwa na pa kuiweka. Kumkasirikia mtu kwa kukuombea mema ni jambo ambalo lugha yetu haina adabu yake.

Bibi aliishi miaka kumi na miwili baada ya kuhiji. Katika mwaka wake wa mwisho kitanda chake kilishushwa sebuleni, karibu na dirisha. Alasiri moja ya Jumapili nilikuwa nimekaa naye. Mama alikuwa jikoni akipika, mlango wa jikoni ukiwa wazi. Bibi alikuwa amefumba macho na nilidhani amelala.

"Ule mji wa baridi," alisema, "ulikuwa na bahari?"

Nilimwuliza mji gani.

"Ule wa barua."

Nilisikia mwiko ukisimama kwenye sufuria. Bibi aliendelea bila kufumbua macho, polepole, akipumzika kati ya maneno. Siku zile alipokuwa Makka, mimi nilileta aproni yangu nyumbani ikafuliwe, na Mama akaikuta barua mfukoni. Hakuweza kuisoma yote, lakini aliuona muhuri wa chuo, akalijua jina langu, akajua si barua niliyomsomea. Aliirudisha mahali pake. Kisha akampigia Bibi simu huko huko, akilia.

"Nikamwambia anyamaze, nitakuja nilimalize mwenyewe. Nikakuombea nilitakalo mimi. Kwa sauti, mbele ya watu wote. Sikukuficha." Alikohoa, nikampa maji, akanywa kidogo. "Nikasema, na yeye akitaka lake atanambia. Nikangoja. Wiki ile nikangoja, mwezi ule nikangoja. Ungenambia ningelia, halafu ningekuombea tena, hapo hapo ndani. Kwani Mungu anakaa nje tu?" Kisha akageuza uso kunielekea, na ingawa macho yale yalikuwa hayaoni tena, nililazimika kutazama chini. "Mbona hukusema?"

Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini. Mbele yangu alikuwa mzee ambaye hakuwa na siku nyingi, na alikuwa ananiuliza kitu kimoja tu, wala hakukiuliza kwa lawama. Alitaka kujua. Nadhani alikuwa amekaa na swali hilo muda wote ule, kama nilivyokaa mimi na jibu lake. Sikutakiwa zaidi ya kusema kweli, na hiyo kweli isingeharibu tena chochote.

"Hapakuwa na cha kusema, Bibi."

"Hukutaka kwenda?"

"Sikutaka."

Uso wake haukuonyesha faraja niliyoitarajia. Ulionyesha uchovu tu, uchovu wa mtu aliyebeba amana ya mwenzake mpaka mlangoni kwake, akabisha hodi, na mwenyewe akatoka akasema si yangu.

"Basi alhamdulillahi," alisema, akageukia dirishani kama mtu anayetaka kulala.

Nilipoinua kichwa, Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama kabla, wala hajanitazama tena tangu hapo. Nilingoja aseme. Aliniuliza kama nitakula sasa au nitamngoja Bibi aamke. Nikamjibu kwamba nitakula sasa.